Jengo Lile Si Bunge: Nani Huamua Nini Nyuma ya Geti la Dodoma

Tarehe 27 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilihutubia Bunge hapa Dodoma na kutangaza kwamba Bunge la Kumi na Mbili litavunjwa rasmi tarehe 3 Agosti. Maswali yaliyozunguka mjini baada ya hapo yalikuwa mazuri kuliko majibu yaliyotolewa. Kama Bunge limevunjwa, mbona mawaziri bado wanakwenda kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali? Spika ni nani sasa? Na wale watumishi wanaoingia getini asubuhi na vitambulisho shingoni, wanakwenda kumfanyia nani kazi? Walikuwepo pia waliouliza kwa utani kama matingatinga yameshafika.

Wakazi wa Dodoma tumelizoea lile jengo mno. Tunalipita kwenye barabara ya Dar es Salaam, tunaona bendera na askari, tunamwambia bodaboda "nishushe Bungeni", na tunajiona tunalijua Bunge. Kisha bei ya kitu ikipanda tunatupa lawama upande wowote: leo kwa mbunge, kesho kwa waziri, keshokutwa kwa "hao wa Dodoma", kana kwamba hata muuza ubuyu wa hapa anahusika.

Tuanze na mnada wa Msalato. Jumamosi utakuta ng'ombe, mbuzi, mitumba, moshi wa nyama choma na madalali wanaokauka koo. Pita Jumanne, utakuta uwanja. Mnada ni watu waliokutana kwa utaratibu wao, siku yao, kufanya jambo linalotambulika. Uwanja unawapa tu mahali pa kusimama. Siku wafugaji, wanunuzi na mtoza ushuru wakikubaliana kukutania kijiji cha jirani, mnada utakuwa umekwenda nao, na uwanja utabaki palepale na vumbi lake.

Bunge nalo liko hivyo, na Katiba inalikubali jambo hilo waziwazi. Ibara ya 92 inasema Bunge litafanya mikutano yake mahali ambapo kwa desturi hufanyika, au mahali pengine popote katika Jamhuri ya Muungano ambapo Rais atapataja. Likikutana kihalali Tanga au Kigoma, ni Bunge kamili, hata kama huku Dodoma milango imefungwa kwa kufuli.

Sasa maneno machache ambayo bila kuyatenganisha hatufiki mbali. Tunaposema "Bunge la Kumi na Mbili" tunazungumzia kundi la wabunge wa kipindi kimoja, kuanzia uchaguzi mkuu hadi kuvunjwa. Ndani ya kipindi hicho kuna mikutano kadhaa kila mwaka, ule mrefu kuliko yote ukiwa wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Huu ndio ule msimu ambao nyumba za kulala wageni zinajaa na bei ya chumba inasahau ilikotoka. Ndani ya mkutano kuna vikao, na kikao ni cha siku moja: kwa kawaida kinaanza saa tatu asubuhi kwa dua, kisha hati zinawekwa mezani, kisha maswali. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu.

Mkutano ukiisha, Bunge linaahirishwa. Wabunge wanarudi majimboni, ila ni wabunge vilevile. Kuvunjwa ni jambo jingine kabisa: kipindi kimekwisha, na anayetaka kurudi akaombe kura upya. Ukisikia mtu anasema "Bunge limefungwa", muulize anamaanisha lipi kati ya hayo mawili.

Kuhusu jengo lenyewe, historia yake ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Wakati wa Uhuru Bunge lilikuwa likikaa katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo kila mwenye kiwanja cha zamani hapa ana hadithi yake. Serikali ilichukua zaidi ya miaka 40 kuhama kwa vitendo. Bunge lilitangulia: kuanzia 1996 makazi yake yakawa hapa, na kwa takriban miaka 20 mawaziri walikuwa wakipanda na mafaili yao kutoka Dar es Salaam kila mkutano na kushuka nayo ukiisha. Ukumbi wa awali ndio huu tunaouita leo Ukumbi wa Msekwa, kwa heshima ya Pius Msekwa aliyekuwa Spika kuanzia 1994 hadi 2005. Ukumbi mkubwa wa sasa, wenye paa la mduara linalopanda kwa ngazi, ulifunguliwa 2006. Paa hilo linakumbusha msonge, na sijui Wagogo walikosea wapi hadi tembe lao la paa bapa likaachwa nje ya ramani, lakini hilo tuwaachie wasanifu.

Muhimu zaidi ni kujua kisichokuwamo ndani ya uzio ule. Ikulu haimo, iko Chamwino, na jengo lake jipya lilizinduliwa Mei 2023. Wizara hazimo, ziko Mji wa Serikali, Mtumba. Mahakama haimo. Makao makuu ya CCM nayo yako kwingine mjini, na wapo wageni wanaopiga picha mbele yake wakiamini wamefika Bungeni. Dodoma imekusanya mamlaka nyingi katika mji mmoja, kwa hiyo mgeni anayeshuka stendi anaziona kama kitu kimoja kinachoitwa "Serikali". Katiba inazitenganisha katika mihimili mitatu: utendaji, kutunga sheria, na utoaji haki.

Utenganisho huo, hata hivyo, si wa ukuta kwa ukuta, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, wakiwamo wanaoandika magazetini. Kwanza, Rais si mgeni wa Bunge. Ibara ya 62 inasema Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge. Haketi ukumbini kupiga kura, ila muswada haugeuki kuwa sheria mpaka aukubali kwa saini. Akikataa, anaurudisha na sababu zake, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi 6 kupita isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wote wauunge mkono. Ukirudi kwa nguvu hiyo na bado hautaki, ana siku 21 za kuchagua: akubali, au alivunje Bunge. Kwa hiyo anayesema "Rais hana la kufanya, Bunge limeshapitisha" amekosea, na anayesema "Bunge halina meno, Rais akikataa basi" naye amekosea. Meno yapo. Swali ni nani yuko tayari kuuma akijua naye huenda akarudi kuomba kura kabla ya wakati.

Pili, Serikali inakaa ndani ya Bunge. Kwetu huwezi kuwa waziri bila kuwa mbunge, na Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Kwa hiyo mtu mmoja anavaa kofia mbili: asubuhi anajibu swali kama waziri, jioni anapiga kura kama mbunge juu ya fedha za wizara yake mwenyewe. Kuna nchi zilizoona hilo halifai. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, iliwatoa mawaziri bungeni. Sisi tumebaki na mtindo tuliorithi kwa Waingereza, na matokeo yake ni kwamba ukitazama ukumbi kwenye televisheni huwezi kuona kwa macho wapi Serikali inaishia na wapi wasimamizi wake wanaanzia.

Wengine walioko humo ni wabunge wa majimbo, wanawake wa viti maalum, watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwao, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wasiozidi 10 walioteuliwa na Rais. Spika anaweza kuwa mbunge au mtu wa nje mwenye sifa za kuwa mbunge, ila hawezi kuwa waziri. Na cheo chake si cha mtu: Job Ndugai alipojiuzulu Januari 2022, siku chache zilizofuata zilikuwa na kelele nyingi mitaani, lakini ofisi iliendelea, na Februari Tulia Ackson akachaguliwa kuishika.

Sasa tuingie ukumbini, maana kuna kitu kinachotokea mule kila mara na karibu hakuna anayekieleza. Muswada ukifika hatua ya kupitiwa kifungu kwa kifungu, Spika anashuka kwenye kiti chake cha juu. Watu ni walewale, viti ni vilevile, lakini wabunge wanaacha kusema "Mheshimiwa Spika" wanaanza kusema "Mheshimiwa Mwenyekiti". Kuanzia hapo Bunge halijakaa. Iliyokaa ni Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakijadili kama kamati, ambapo mtu anaweza kusimama zaidi ya mara moja kuhusu kifungu na mabadiliko yanapendekezwa papo hapo. Wakimaliza, Bunge linarudia, yaani wanakaa tena kama Bunge, waziri anatoa taarifa ya kilichopitishwa kwenye kamati, na ndipo Spika anapouliza wanaoafiki waseme ndiyo. Kama umewahi kumsikia mbunge wako akitamka "mimi nilipinga kile kifungu" huku sheria imepita na kifungu kimo, huenda hadanganyi. Alikipinga kwenye kamati, akashindwa, kisha akauafiki muswada wote. Zote mbili zimo kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na ni haki yako kumuuliza kuhusu ile ya pili.

Mfano mkubwa zaidi wa ukumbi mmoja kubeba vyombo tofauti ni mwaka 2014. Watu waliokaa mule kwa miezi wakigombana kuhusu Muungano wa serikali mbili au tatu hawakuwa Bunge la Jamhuri ya Muungano. Lilikuwa Bunge Maalum la Katiba: wabunge, pamoja na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, pamoja na watu 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali ya jamii, chini ya uenyekiti wa Samuel Sitta. Lilikuwa na kazi moja tu, nalo halikuwa na mamlaka ya kupitisha hata kodi ya baiskeli. Oktoba mwaka huo likapitisha Katiba Inayopendekezwa, iliyotakiwa kwenda kwenye kura ya maoni Aprili 2015, kura ambayo iliahirishwa. Mpaka leo utamsikia mtu akisema "Bunge lilipitisha katiba mpya, wakaificha". Bunge halikuipitisha, na kupita kwake mule ukumbini peke yake kusingeifanya iwe katiba, kwa sababu neno la mwisho lilikuwa la wapiga kura.

Hapo tumefikia jambo linalogusa mfuko. Kumbuka tozo ya miamala ya simu. Juni 2021 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, alisoma hotuba ya bajeti na kupendekeza tozo ya kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa fedha. Tarehe 15 Julai makato yakaanza. Nchi nzima ikalalamika. Mawakala wa Dodoma walikaa na vimeza vyao bila wateja. Septemba tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na Bunge halikupiga kura yoyote kuhusu punguzo hilo. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: kama Bunge ndilo lililopitisha, nani kapunguza? Na kama waziri anaweza kupunguza mwenyewe, Bunge lilipitisha nini?

Jibu liko kwenye tofauti kati ya vitu vitatu ambavyo vyote tunaviita "bajeti". Cha kwanza ni kura ya bajeti, ile ambayo wabunge huitwa kwa majina, mmoja mmoja, kila mtu akajibu kwa sauti yake. Kura hiyo inaidhinisha matumizi, yaani fedha ziende wapi. Cha pili ni Sheria ya Fedha, inayopita baada yake, mara nyingi ukumbi umechoka na wabunge wanafikiria safari ya nyumbani. Hii ndiyo inayosema fedha zitoke wapi: kodi gani ipande, ipi ishuke, tozo gani ianzishwe. Tozo ya miamala ilikuwa humo. Cha tatu ni kanuni. Sheria ilianzisha tozo na kumpa waziri mamlaka ya kuweka viwango kwa kanuni. Kanuni anatunga yeye, Mtumba, na kuzitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo Septemba ile waziri alirekebisha kanuni zake, na sheria iliyopitishwa na Bunge haikuguswa. Kuondoa tozo yenyewe kwenye kutuma fedha kwa simu kulihitaji kurudi ukumbini, na hilo lilikuja kupitia bajeti ya 2023.

Nimeking'ang'ania kisa hiki kwa sababu kinaonyesha lawama iende kwa nani. Kuwapo kwa tozo: wabunge waliosema ndiyo, pamoja na Rais aliyesaini. Ukubwa wa tozo siku ya kwanza, na kuchelewa au kuwahi kupunguzwa: waziri. Aliyekwenda kumgombeza wakala wa mtaani alipoteza nguvu bure. Na maoni yangu, ambayo si lazima uyakubali, ni kwamba Bunge letu linamwachia waziri mengi mno kwenye kanuni. Sheria inapita ikiwa nyembamba kama karatasi, kisha mambo yanayouma yanaandikwa baadaye na watu ambao hatukuwapigia kura kwa kazi hiyo.

Kinyume chake kipo pia: mambo mazito yanayopita ukumbini haraka. Serikali inaweza kupeleka muswada kwa hati ya dharura, na hatua ambazo kawaida huchukua mikutano miwili zikabanwa katika mmoja. Sheria za kusimamia rasilimali na madini za mwaka 2017 zilipita hivyo. Waliozipenda walisema ulikuwa uharaka wa haki. Waliozipinga walisema hata kuzisoma hawakupata muda. Vyovyote utakavyosema, utaratibu huo ni halali.

Mengine ni ya haraka. Si kweli kwamba mbunge hakamatwi. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo, majadiliano na utaratibu ndani ya Bunge, yaani hawezi kushtakiwa mahakamani kwa alichokisema mule. Akigonga mtu na gari akiwa amelewa, ni dereva kama dereva mwingine. Si kweli kwamba mbunge ndiye anayejenga barabara ya mtaa wako. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, wakala wa Serikali wa barabara hizo, na ile shilingi 100 kwa lita ya mafuta iliyoongezwa 2021 kwa ajili yake ilipitishwa na wabunge, lakini greda hawalishiki wao. Mfuko wa Jimbo upo, kwa sheria ya 2009. Ni fedha za umma zenye kamati yake, hata kama bati la shule limeandikwa "kwa hisani ya Mheshimiwa". Na si kweli kwamba ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inaandikwa na Bunge. Mkaguzi anaikabidhi kwa Rais, Rais anaagiza iwasilishwe bungeni, kisha kamati za hesabu zinawaita wahusika kuwahoji.

Turudi kwa yale maswali ya 2025. Mawaziri waliendelea kwa sababu Katiba inasema waziri anapoteza cheo akikoma kuwa mbunge kwa sababu yoyote isiyohusika na kuvunjwa kwa Bunge. Nchi isingeweza kukaa bila Serikali miezi ya kampeni. Spika naye anabaki na ofisi yake mpaka Bunge jipya likutane kwa mara ya kwanza. Watumishi wa getini ni wa Ofisi ya Bunge, chini ya Katibu wa Bunge. Ni waajiriwa na hawapigiwi kura, kwa hiyo uchaguzi haukuwahusu zaidi ya ulivyomhusu mwalimu au nesi. Hata Bunge lililovunjwa linaweza kuitwa tena na Rais ikitokea vita au hali ya hatari kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba, Bunge la Kumi na Tatu likakutana Novemba katika viti vilevile.

Kwa anayetaka kufanya zaidi ya kulalamika, mlango upo, ila unafunguka kwa muda mfupi. Muswada ukisomwa mara ya kwanza hakuna mjadala. Unapelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, na kamati hiyo hukaribisha maoni ya wadau kabla haujasomwa mara ya pili. Mara nyingi vikao hivyo hufanyika Ukumbi wa Msekwa, na maoni ya maandishi hupokelewa kwa Katibu wa Bunge. Kwa sisi wa hapa ni nauli ya bodaboda. Ukisubiri mpaka usikie kwenye taarifa ya habari kwamba muswada umesomwa mara ya tatu, aliyebaki wa kumwandikia ni Rais.